Mwalimu wa Hatimkato na Kichanga Changu cha Siku Sita

Mara ya kwanza Mwalimu aliponisemesha, nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza ya ofisi natafuta kalamu. Mimi ni fundi ramani. Kazi yangu ni kuchora mipaka ya viwanja na mashamba ya watu wa Bagamoyo na vijiji vyake, na wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na minne, mke mmoja, watoto wawili, na imani kubwa kwamba hakuna mtu kati ya Bunju na Pangani aliyeniweza kwa kuzungusha kalamu vidoleni. Imani hiyo niliipata kwenye simu. Nilijifunza kwa video, saa ya chakula cha mchana, na kwa kuwa pale ofisini hakukuwa na mwingine mwenye ugonjwa huo, ubingwa ulikuwa wangu bila kupingwa.

Nilipoinuka, mbele ya meza alikuwa amesimama mama mtu mzima, baibui jeusi, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, na kalamu yangu iko mkononi mwake. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, na huku anaitikia, kalamu ile ikatembea juu ya vidole vyake kutoka gumba hadi cha mwisho, ikazunguka nyuma ya kiganja, ikarudi gumbani, ikatulia. Hakuitazama hata mara moja. Akanikabidhi, akauliza kama ramani ya kiwanja chao iko tayari. Haikuwa tayari. Ilikuwa wiki ya tatu sijaigusa, na sababu yenyewe alikuwa ametoka kunirudishia.

Mji wote unamwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo hivyo. Alifundisha hatimkato, yale maandishi ya vimistari na vinundu ambayo makatibu waliyatumia kunasa maneno ya wakubwa wao kabla hayajapotea. Siku hizi simu inanasa kila kitu, na somo lenyewe limekufa, lakini yeye alistaafu akiwa bado anaandika hatimkato kwa kila jambo, hata orodha ya sokoni. Mdogo wake wa kike, anayekaa naye katika nyumba ya wazazi wao huko mji mkongwe, alikuwa akitumwa sokoni na karatasi asiyoweza kuisoma, akifika anapiga simu nyumbani kuuliza imeandikwa nini. Nilimwuliza Mwalimu kwa nini asimwandikie kwa herufi za kawaida. Akasema amemfundisha mara nne, na mtu akifundishwa mara nne akakataa kujua, basi apige simu.

Huyo ndiye mtu niliyekwenda kumwomba anifundishe. Nilikwenda na ramani yake iliyokamilika, usiku wa jana yake nikiwa sijalala kwa kuimaliza, na maneno ya unyenyekevu niliyoyapanga njiani. Akapokea ramani, akaikagua, akanionyesha kosa moja kwenye kona, kisha akasema nionyeshe ninachokijua. Nikaonyesha. Nilikuwa na mitindo tisa, yote ina majina ya kigeni niliyoyatoa kwenye video, na kila nilipomaliza mmoja nilitaja jina lake kwa sauti, kama kondakta anavyotaja vituo. Mdogo wake alikuwa ameketi mkekani anasuka ukili. Nilipomaliza, alimwuliza dada yake kama mimi ni mzima.

Mwalimu hakucheka. Aliniambia ninaitolea macho kalamu, na kalamu ikitolewa macho inaona haya. Kisha akaniambia majina yale niyaache huko nilikoyaokota, kwa sababu nayatamka bila kuyajua maana, na mtindo ambao mwenyewe hajui unaitwaje hauwezi kumtii.

Majina yake ndiyo yaliyonikamata. Ule wa kuizungusha kalamu kwenye gumba, ambao kila anayeanza huanzia hapo, aliuita Kuzunguka Nyumba. Ule wa kuitembeza kidole hadi kidole ulikuwa Kupanda Ngazi. Kuirusha na kuidaka bila kuukatiza mzunguko wake ni Kupepeta. Kulikuwa na mmoja ambapo kalamu inakwenda vizuri, mara inapotea nyuma ya kiganja na mkono unabaki umetulia kama haujafanya lolote. Huo ni Mkwe Yupo Mlangoni. Na kulikuwa na Fundi Kasema Kesho, mtindo mgumu ajabu, ambapo kalamu inasimama juu ya fundo la kidole cha kati kana kwamba inataka kuondoka, haiondoki, na ukishakata tamaa ndipo inaondoka. Ulinichukua miezi mitano.

Yote aliyaandika katika daftari moja lenye jalada gumu, kwa hatimkato, jina la mtindo na namna unavyofanywa. Kwa kuwa hakuna mwingine wa kulisoma, ubishi wote uliishia pale. Nikisema kalamu inapita juu ya kidole cha shahada, analifungua, anasoma kimya, anasema inapita chini. Mdogo wake aliniambia siku moja, Mwalimu akiwa anaswali, kwamba yeye haamini kama mle ndani mna habari za kalamu. Anadhani ni orodha ya majirani na makosa yao.

Sasa niseme habari ya siku saba, kwa kuwa ndiyo iliyoniharibia miaka. Kwa Mwalimu, mtindo mpya haukupewa jina siku ulipobuniwa. Mtoto hupewa jina siku ya saba, akasema, na mtindo una haki hiyo hiyo. Aliyeubuni ataufanya kila siku mbele ya shahidi, siku saba mfululizo, bila kalamu kuanguka. Ikianguka, hata siku ya saba yenyewe, anaanza upya siku ya kwanza. Muda wote huo hauna jina, unaitwa kichanga tu. Na shahidi hakai kimya. Atamwamkia mwenye kichanga, atampa mkono, atamuuliza hali, na mwenye kichanga atajibu yote kama mtu aliyelelewa, kalamu ikizunguka. Mwalimu alisema mtu anayeweza kuzungusha kalamu akiwa peke yake chumbani hajaweza kitu.

Mimi kichanga changu kilizaliwa kutokana na aibu. Ofisini kwetu wanaingia wazee mchana kutwa, na mzee akinyoosha mkono huwezi kumwambia asubiri kalamu imalize safari yake. Nilikuwa naitupa mezani, inaviringika, inaanguka. Nikawaza kuihamisha. Kalamu inatoka gumba la kulia, inapita juu ya mgongo wa mkono, inarukia mkono wa kushoto na kuendelea kuzunguka huko, mkono wa kulia uko huru kumwamkia mgeni. Salamu zikiisha, inarudi ilikotoka. Katika video zote sijauona, nadhani kwa sababu wanaorekodi video hizo wanakaa peke yao na hakuna anayeingia kuwapa mkono. Nilipomwonyesha Mwalimu mara ya kwanza, alivaa miwani. Hakuwahi kuvaa miwani kwa ajili yangu. Akasema hiki kinaweza kuishi.

Neno hilo nimelibeba miaka sita. Nina cheti cha chuo ukutani na barua ya kupandishwa cheo, na vyote viwili sijawahi kuviota. Jina la kupewa na Mwalimu nililiota. Nilitaka anifungulie daftari lile aandike vimistari vyake, halafu aninong'oneze kile alichokiandika.

Shahidi wangu akawa mdogo wake. Mama yule ni mtu wa dini sana. Alinipa mkono akiwa ameuvika ncha ya kanga, na kanga ile ilikuwa na tabia ya kuninasa kifungo cha saa. Lakini hatari yake ilikuwa kwenye maswali. Nilisema shikamoo, akasema marahaba, hujambo, mkeo hajambo, watoto hawajambo, mama yako miguu inaendeleaje, yule ng'ombe wa baba mkwe wako aliyepotea kule Fukayosi, je, alionekana. Swali la ng'ombe ndilo lililoniangusha katika jaribio la kwanza, siku ya pili. Nilikuwa sijui kama ng'ombe amepotea. Jaribio la pili lilifika siku ya nne, nikapiga chafya.

La tatu ndilo la fedheha. Lilifika siku ya tano kwa usafi uliomfanya hata mdogo wake aache kusuka. Nikarudi nyumbani kichwa kimevimba. Kuna kundi la WhatsApp la wazungusha kalamu wa nchi hii, vijana wa vyuo wengi wao, na mimi ndiye mwenye mvi. Nikajirekodi, nikatuma, na chini nikaandika kwamba mtindo huu mpya kutoka pwani unaitwa Kimbunga cha Bagamoyo. Nililibuni mwenyewe jina hilo. Nililiona zito. Mke wangu alilisoma, akaniuliza kama nimekosa kazi, lakini pongezi zilikuwa zinamiminika na sikumsikia.

Kesho yake nilifika kwa Mwalimu siku ya sita. Kumbe mmoja wa wanafunzi wake wa zamani ana mtoto katika kundi lile, na habari zilikuwa zimefika kabla yangu. Mwalimu alinikaribisha vizuri. Akanipa chai, akauliza habari za nyumbani, kisha kwa upole kabisa akauliza, "Na Kimbunga hajambo?"

Nilitamani sakafu inimeze. Mdogo wake aliinamia ukili wake, mabega yanatikisika. Mwalimu akasema siku zote wazazi wenye pupa huwa wapo, wanamtangaza mtoto kabla hajafikisha siku zake, halafu wanabaki wanashangaa. Tuone kama atakaa. Hakukaa. Siku hiyo kalamu ilianguka mara tu nilipotaka kusema shikamoo, na sikupata hata kuulizwa hali ya mke. Mpaka leo vijana wa kundi lile wakinibana niwaonyeshe Kimbunga tena, huwa nawajibu kwamba nimeumia kidole.

Msidhani Mwalimu mwenyewe alikuwa malaika. Wanafunzi wake niliokutana nao, ambao sasa ni wanawake wenye wajukuu, waliniapia kwamba darasani aliyechezea kalamu alitolewa nje akasimama juani. Nilimwuliza. Akasema wao walikuwa wanacheza, yeye alikuwa ananyoosha vidole. Alisema video zinaharibu vidole vya watu, na mara mbili nilimkuta akizitazama kwa simu ya mdogo wake, sauti imezimwa. Alikataa kabisa kalamu za kununuliwa zilizotengenezwa kwa mchezo huu, lakini yake ilikuwa kalamu ya kawaida aliyoivika vifuniko viwili, kimoja kila upande, ili uzito ulingane, na ndani ya kimoja alitia punje ya mchele. Hiyo punje aliificha kwangu mwaka mzima. Niligundua kwa kuisikia.

Na kuna habari ya Fukayosi. Ofisi yetu ilikwenda huko kwa mkutano wa kijiji kuhusu mipaka ya mashamba, na tulimwomba Mwalimu aje kuandika muhtasari, maana hakuna simu inayonasa watu arobaini wanaobishana kwa Kikwere na Kiswahili pamoja. Mzee mmoja alisimama kueleza shamba lake kuanzia enzi za babu yake. Mwalimu aliyeketi kando yangu akaacha kuandika, akaingiza mkono ndani ya baibui. Nilijua anafanya nini. Nikaliona baibui likichezacheza taratibu pajani. Mara kalamu ikachomoka, ikapaa, ikaenda kumpiga mwenyekiti kifuani na kuangukia kwenye bilauri yake ya maji.

Mwalimu akageuza kichwa na kunitazama kwa ukali, uso wa mtu aliyechoshwa na utoto. Watu wote wakanitazama. Nikasimama, nikaomba radhi kwa mwenyekiti, kwa wazee na kwa wanakijiji, nikaifuata kalamu kwenye bilauri. Mwenyekiti akanisamehe na kunikumbusha kwamba mimi ni mtumishi wa umma. Njiani kurudi nilingoja Mwalimu aseme kitu. Tulipokaribia mjini akasema ilikuwa Kupepeta, na kwamba ilitoka vizuri isipokuwa mwisho. Mimi, badala ya kukasirika, nilifurahi kwamba alinichagua mimi wa kumbebea aibu. Mke wangu nilipomweleza alisema sina akili, na nadhani ana haki.

Ofisi ikanihamishia Lugoba. Huko nilizungusha kalamu peke yangu, nikawa mzuri sana na nisiyefaa kitu, maana kwa Mwalimu kichanga hakihesabiwi bila shahidi, na pale ofisini kila niliyemwomba anipe mkono huku nazungusha alidhani natafuta rushwa. Nilimpigia simu Mwalimu kila Ijumaa. Mwaka huu sauti yake ikaanza kuwa fupi. Kisha mdogo wake akanipigia yeye mwenyewe. Akasema mkono wa dada yake wa kulia umeanza kutetemeka, hospitali wamesema ni maradhi ya kukaa nayo, na kalamu haishikiki tena. Akasema dada hajamtuma aseme.

Nikachukua likizo ya wiki mbili nikaenda kukaa kwa wakwe zangu Bagamoyo. Nilimkuta Mwalimu kwenye kiti chake, amenyooka vilevile, mkono wa kulia ameukalisha chini ya wa kushoto kama mtu anayemzuia mtoto. Hakutaka tuuzungumze. Alisema ikiwa nimekuja kumtazama mgonjwa, nimekwisha kumtazama, na ikiwa nimekuja na kichanga, tuanze. Tukaanza siku hiyo hiyo. Mdogo wake akavika mkono kanga. Shikamoo, marahaba, mke, watoto, miguu ya mama, ng'ombe. Safari hii habari za ng'ombe niliziulizia mapema kwa wakwe. Alionekana.

Siku ya pili ikapita, ya tatu, ya nne. Siku ya tano nilihisi chafya nikaimeza. Siku ya sita ilipopita, mahali ambapo sijawahi kuvuka, mdogo wake alisema alhamdulillahi kwa sauti, nami sikumwambia mtu yeyote, wala mke wangu kwa simu. Nilikuwa nimejifunza.

Siku ya saba nilikuta daftari liko mapajani mwa Mwalimu, na limeshafunguliwa. Katikati ya ukurasa mweupe palikuwa na vimistari vichache vipya, vimepindapinda. Jina lilikuwa limeandikwa tayari, kwa mkono ule. Mdogo wake alipokuwa anaivuta kanga, Mwalimu akamzuia. Akasema leo mgeni ni yeye.

Nikaanzisha kalamu. Nikasema shikamoo. Akautoa mkono wake wa kulia alikokuwa ameuficha, akaunyoosha, na ulikuwa ukitetemeka mpaka bangili inagonga. Kalamu ikapita mgongo wa mkono wangu, ikarukia kushoto, ikashika mzunguko. Nikampokea. Ulikuwa mkono mwepesi, mkavu, na haukutulia hata nilipoushika. Akasema marahaba. Akaniuliza hali yangu, ya mke, ya watoto mmoja mmoja kwa majina, ya mama, ya kazi, ya Lugoba na vumbi lake. Nilijibu yote. Sikuitazama kalamu, na sikuwahi kuizungusha vizuri namna ile maishani mwangu.

Kisha nikaona maswali yanakwisha. Likishaisha la mwisho, kalamu itarudi kulia, yeye atausoma ukurasa ule, atalifunga daftari, na itakuwa tumemaliza. Nitapanda gari kurudi Lugoba nina jina langu, naye atabaki kwenye kiti kile hana tena mtu wa kumngoja. Sijui kama nilifikiri sawasawa. Najua niliogopa, niliogopa kweli kweli, na nikakilegeza kidole. Kalamu ikaanguka sakafuni ikaviringika hadi kwenye mkeka.

Mdogo wake alisema masikini. Mkono wa Mwalimu bado ulikuwa mkononi mwangu.

"Hiyo haikuanguka," akasema. "Umeidondosha."

Nikasema ndiyo, Mwalimu.

Nilingoja anifukuze, maana katika miaka yote ile hakuna kosa nililojua lingemuudhi zaidi. Alinitazama, akalitazama daftari, akalifunga kwa mkono wa kushoto, taratibu. Akaniuliza likizo yangu imebaki siku ngapi. Nikamwambia ukiacha leo, saba.

"Zinatosha," akasema. "Lakini usinifanyie mara ya pili, mwanangu. Mimi si wa kungojea sana. Haya, okota, leo iwe ya kwanza."

Nikaenda kuiokota mkekani. Macho yalikuwa yamenijaa na sikuiona vizuri, ikabidi mdogo wake anisogezee kwa mguu. Nikakaa, nikaanzisha upya, nikasema shikamoo. Mkono wake ulikuwa hewani bado, hakuwa ameushusha.